Kifusi, Watani Rasmi wa Taifa

Nchi yetu ina jina, lakini sheria inakataza kulitaja bila vyeo vyake, na vyeo vyake havikuenea kwenye karatasi niliyokuwa nayo. Kwa hiyo nitasema nchi tu. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, haipo. Ukiona inafanana na nyingine unayoifahamu, mimi pole yangu nakupa.

Sisi tunakaa mlimani. Nilipokuwa msichana mlima wetu ulikuwa mrefu. Siku hizi ni mfupi, maana umesagwa. Mwenye mtambo wa kusaga mawe ni kaka wa mke wa Mlezi Mkuu anayetutawala, naye anaitwa Shemeji wa Taifa. Tuliwahi kuuliza: kama Mlezi ni baba yetu sote, huyu kaka wa mkewe si angeitwa Mjomba wa Taifa? Tukajibiwa kwa upole kwamba mjomba ana wajibu wa kulisha wapwa zake, shemeji hana.

Kokoto za mtambo zinajenga barabara. Barabara yenyewe hatujaiona, lakini sherehe ya kuizindua tuliiona, na watoto walipewa soda. Nasema hayo kwa sababu mtu akitendewa wema aseme.

Mtambo unapiga kelele kuanzia alfajiri mpaka kuku wanapoingia bandani. Mtoto akizaliwa mlimani kwetu, neno lake la kwanza analitoa kwa kupayuka, kwa sababu akilisema kawaida hakuna atakayejua kama ameshaanza kusema. Mjukuu wangu Chiduo alianza na neno "Mama". Alikuwa amekaa juu ya gunia, mama yake, binti yangu Tunu, akichambua kokoto hatua chache tu kutoka pale, na hakusikia. Mtoto akarudia. Akakunja ngumi, uso ukamvimba, akarudia tena, na safari hii sauti ikashuka chini, huko chini ya mlio wa mtambo ambako mtambo wenyewe haufiki, ikapita ardhini ikamkuta mama yake kwenye nyayo. Ndipo Tunu akageuka.

Nilimwona mtoto akicheka. Alikuwa ameshapata kazi, ila hatukujua.

Vumbi la mtambo likaingia kifuani mwa Tunu likakataa kutoka. Daktari wa zahanati, kijana mpole sana, alimshauri asivute hewa siku za kazi. Dawa hakuwa nayo, lakini alimpa leso yake mwenyewe ya kukoholea. Nimeifua, ninayo mpaka leo.

Tunu hakuomba fidia wala nyumba. Alitaka kitu kimoja: mtambo uzimwe. "Nataka mwanangu aniite bila kujipasua koo," aliniambia, yaani alinipigia kelele, "nami nimwitikie kabla sijaisha."

*

Chiduo alipokuwa kijana, yeye na wenzake walianzisha bendi, wakaiita Kifusi. Walikuwa watatu: Chiduo mwenye sauti, Nyamizi binti wa fundi bati kwenye ngoma, na Sambala aliyepiga gitaa la kujichongea, nyuzi zake za waya wa breki ya baiskeli. Spika ilikuwa kuukuu ya chama tawala, imezoea kupayuka, kwa hiyo haikupata shida na kazi mpya.

Muziki wenyewe vijana wanauita metali. Siku ya kwanza nilifikiri mtu anachinjwa nyuma ya nyumba, nikatoka na panga kumsaidia. Kumbe ni Chiduo anajaribu beti. Sambala aliniwekea kigoda nikae, na Nyamizi akanipa pamba ya masikio. Watoto wenye adabu.

Wimbo wao wa kwanza uliitwa "Zima", nao ulikuwa hivi:

*Zima! Zima mtambo!*
*Mama anakohoa mawe,*
*Shemeji anacheua minofu.*
*Zima, la sivyo tukuzike*
*na mlima huu uliousaga!*

Waliupiga kando ya machimbo, na kwa mara ya kwanza tangu mtambo uletwe watu wa mlimani wakasikia kitu kingine. Wachambuaji waliacha nyundo. Wazee walitingisha vichwa mpaka kofia zikadondoka.

Keshoye akaja Afisa Sauti wa Wilaya na kipimo chake. Alikiinua, akasoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kelele zenu zimevuka kiwango," alisema.

"Afande, hatujaanza kupiga," Chiduo akamwambia. "Hicho kinasoma mtambo."

"Usinifundishe kazi, kijana. Mtambo hauna kelele. Mtambo una mvumo wa maendeleo. Ukitoa mvumo wa maendeleo hapa, kinachobaki ndiyo kelele."

"Na kinabaki nini?"

"Mnabaki nyinyi."

Wakapelekwa ndani. Askari aliyewafunga pingu aliwauliza kwanza kama zinabana. Wakasema zinabana. Akasema vizuri. Wengi hawaulizi kabisa.

*

Wangekaa huko mpaka mvi, isipokuwa mtu mmoja alirekodi "Zima" kwa simu, na wimbo ukasafiri hadi kwa wahisani wetu wa ng'ambo. Kumbe huko kuna watu wanaovaa nguo nyeusi jua linawaka na kupenda sauti kama ile. Wakauliza: mbona wasanii wako gerezani? Na kabla ya kupata jibu, wakaushikilia mkoba wa msaada kwa mikono miwili.

Hapo ndipo akaibuka Waziri wa Mila na Furaha, Mheshimiwa Ndituru. Huyu mila alizisomea nje, huko ambako hazipo, kwa hiyo alizijua vizuri bila kusumbuliwa nazo. Akakumbuka utani.

Utani kila mtu anaujua. Watu wa mlimani na watu wa bondeni waliwahi kupigana kwa ajili ya ng'ombe, wakauana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watarushiana maneno badala ya mikuki, na atakayekasirika ni aibu yake. Nasi ni wa mlimani. Mlezi ni wa bondeni.

Mheshimiwa aliwatoa vijana gerezani moja kwa moja hadi mbele ya kamera, wakiwa bado na mavazi ya wafungwa, akasimama kati yao akawashika mabega.

"Ndugu wahisani, ndugu wanahabari, ndugu wananchi mlioletwa!" alisema. "Jicho la kigeni likiona hasira, jicho la mila linaona upendo uliovaa koti la matusi! Hawa hawakuwa wafungwa. Hawa ni watani, na tulikuwa tumewatunza mahali pamoja wasije wakapotea!"

Watu wakapiga makofi. Chiduo akasogea kwenye maikrofoni.

"Mheshimiwa, sisi hatutanii."

Waziri akajishika mbavu. "Mmemsikia? Hata kukana anakana kwa utani!"

"Mama yangu anakufa kwa vumbi la Shemeji yenu!"

"Watu wa mlimani hawa! Jamani, mbavu zangu!"

"Wewe ni mbwa!"

"Na wewe ni mtani!" Waziri akamkumbatia, na picha ikatoka gazetini ukurasa wa mbele. Ukiitazama haraka unaona wawili wanacheka. Ukiitazama polepole unaona mmoja anamng'ata mwenzake sikio.

Jioni ile likatoka tamko: Kifusi ni Watani Rasmi wa Taifa. Chochote watakachosema ni mila, na mila haijibiwi, inachekewa.

*

Basi bendi ikapanda. Wengine wanahangaika maisha yao yote kupata jina, wao walisukumiwa.

Waliitwa Ikulu. Waliimba wimbo unaoitwa "Choo Kisicho na Mlango", na aliyeimbwa alikuwa amekaa safu ya mbele kwenye kiti cha ngozi ya chui. Nyuma yake kilikaa Kikosi cha Kicheko, vijana wa jeshi waliofunzwa kucheka kwa zamu ili kicheko kisikatike. Chiduo aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama mizizi. Mlezi alifuta machozi ya furaha, akasema, "Tena! Tena hapo pa nzi!"

Wakapewa nishani. Baba yake Nyamizi, fundi bati, alizitambua: ni yeye aliyezikata, kwenye paa la shule lililong'olewa.

Watoto wa shule wakafundishwa "Zima" kwa ajili ya gwaride la uhuru. Maelfu ya watoto waliovaa soksi nyeupe walinguruma mbele ya Mlezi, "Zima, la sivyo tukuzike," naye akawapungia mkono, na mwalimu mkuu akapandishwa cheo.

Mambo yalipofika hapo, Waziri aliona utani ni kitu kizuri mno kuachiwa watu watatu. Akautandaza kwa nchi nzima. Wauguzi walipogoma kwa kukosa glavu, Serikali ilicheka. Bwana mmoja aliyevunjiwa nyumba alilia barabarani, wakamletea Kikosi cha Kicheko, wakamzunguka, wakacheka naye mpaka akanyamaza. Hawakumtoza chochote, hilo lazima niliseme. Wazee wa mlimani nao wakaandamana hadi wilayani kuomba mtambo uzimwe. Mkuu wa Wilaya aliwapa chai yenye maziwa, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa heshima, mkono mdomoni.

Kifusi wakajaribu kunyamaza. Walisimama jukwaani kwenye uwanja uliojaa, Chiduo kakunja mikono, Nyamizi kaweka fimbo chini, gitaa la Sambala limegeuzwa nyuma. Hawakupiga chochote. Uwanja ukavunjika kwa vicheko, na redio ikasema huo ndio wimbo wao bora mpaka sasa.

Shemeji wa Taifa, kwa moyo wa shukrani, alinunua mtambo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Aliuzindua mwenyewe. Akaupa jina la Kifusi, kwa heshima ya vijana.

Sasa vumbi likawa linaingia hata kwenye mayai. Tunu alikuwa halali kitandani tena, anakaa ameegemea ukuta, na akitaka kusema anakuvuta sikio mpaka mdomoni mwake, maana kupiga kelele hakuwezi tena. Siku moja Chiduo alikuja, akavua nishani akazitupa kwa kuku.

"Bibi, naacha," aliniambia kwa kelele. "Nikiwatukana wananenepa. Nikinyamaza wananenepa. Kwa nini nisiende kuchambua kokoto kama wengine?"

Tunu akamvuta sikio. Aliongea naye muda mrefu kidogo, akipumzika, akianza tena. Mimi niliyasikia ya mwisho tu, kwa sababu Chiduo aliyarudia kwa sauti, kama mtu anayeulizwa darasani.

"Mtani wa kweli anajulikana wapi?"

Tunu akamwonyesha jembe lililoegemezwa mlangoni.

"Msibani," Chiduo akajijibu, akakaa chini. Akaokota nishani zake kwa kuku, akazifuta, akazivaa.

*

Akafariki mama yake Mlezi.

Nililia, na sikuwa natania. Yule mama aliwahi kuja mlimani siku zahanati inafunguliwa. Mwanawe akiwa katikati ya hotuba juu ya saruji, yeye alimwona Tunu anakohoa kwenye kundi la watu, akafungua kanga yake ya juu, akapita katikati ya walinzi, akamfunga mabegani. Mtu mwema hata akizaa vibaya ni mtu mwema.

Mazishi yakapangwa huko bondeni kwao, wahisani wakaalikwa, na Mheshimiwa Ndituru akatenga nafasi ya "utani mfupi wa kitamaduni" kati ya hotuba ya Shemeji na kuweka mashada. Kifusi walipeleka ujumbe kwamba, wakiwa watani, wangependa kuchimba kaburi wenyewe. Waziri alifurahi. Kamera zingependa. Alichokuwa hajui ni kwamba mtani hachimbi kaburi ili atoke humo bure. Vitabuni alisoma habari za matusi. Ya majembe hayakuandikwa, kwa sababu wanaoyajua walikuwa wanachimba.

Mimi nilibaki nyumbani na Tunu. Redio tuliiweka katikati ya vichwa vyetu viwili, sikio lake huku, langu huku, mitambo miwili ikisaga nje. Mtangazaji alikuwa yule wa siku zote, mwenye sauti kama samli.

"Naam, wasikilizaji, Watani wetu Rasmi wamemaliza kuchimba," alisema, "na sasa wanatoka... hawatoki. Wamelala humo ndani! Wamejilaza chali kaburini, wasikilizaji, na nishani zao kifuani! Ni utani mzito ulioje! Mlezi anacheka. Kikosi cha Kicheko kinacheka. Wahisani wanapiga picha."

Tukamsikia Waziri, "Haya, vijana, mmetufurahisha sana. Tokeni sasa, mwili unakuja."

"Hatujapewa chetu," sauti ya Chiduo ikatoka chini kule.

"Ada yenu ipo, bahasha hii hapa."

"Bahasha ilale yenyewe. Tunataka mitambo izimwe. Yote miwili. Na isiwashwe tena."

"Hawa watani! Mbavu zangu!" Waziri akacheka. Safari hii alicheka peke yake, kwa sababu pale walikuwapo watu wa bondeni wenyewe, na watu wa bondeni waliijua mila. Mtani akishalala kaburini, maiti inasubiri. Huwezi kumtoa kwa nguvu. Anayemtoa kwa nguvu anajichimbia lake.

"Wasikilizaji, jeneza limefika," mtangazaji akasema. "Wabebaji wamesimama nalo mabegani. Jua ni... jua ni la kitaifa."

Tukamsikia mkuu wa walinzi akiuliza, "Mtukufu, tuwatoe?" Halafu, "Nyinyi, shukeni mkawatoe." Halafu, "Mbona mnavua kofia? Nimesema shukeni!" Na sauti ya kijana, askari, yenye lafudhi ya bondeni kabisa, "Afande, nifunge tu. Mle siingii."

Wakaanza kuwatajia vyeo. Nyamizi akapewa ubunge, akaukataa. Sambala akapewa ubalozi kwenye nchi yenye baridi, akauliza huko kuna mtambo wa nani. Chiduo akaambiwa mama yake atapelekwa hospitali ya ng'ambo kwa ndege, yeye peke yake. Hapo Tunu akakamata mkono wangu.

"Na wengine watapumua wapi?" Chiduo akauliza.

Tunu akaachia mkono.

"Mlezi bado anacheka, wasikilizaji," mtangazaji akasema. "Anacheka kwa ndani. Kikosi cha Kicheko kimekaukiwa, wanapewa maji."

Hapo ikaingia sauti nyingine, ya mwanamke mzee.

"Wewe Kidole!"

"Wasikilizaji," mtangazaji akasema haraka, "hapa hakuna mtu anayeitwa Kidole."

"Wewe Kidole, nakuita! Uliyenyonya kidole mpaka ukapelekwa jandoni nacho mdomoni!" Alikuwa mdogo wake marehemu, mama mdogo wa Mlezi. "Dada yangu anapigwa jua. Hawa uliwaita watani wewe mwenyewe, mbele ya dunia nzima. Walipokukana ukawalazimisha. Leo wamekushika pabaya unataka kununa?"

"Mama mdogo, hapa ni suala la uchumi wa taifa."

"Basi nenda kauzike uchumi. Mimi nimekuja kumzika dada yangu."

"Mama mdogo, watu wanasikia."

"Wasikie! Kuna siku walisikilizwa?"

Redio ikakoroma kidogo. Kisha mtangazaji akasema, kwa sauti ambayo ghafla haikuwa na samli, sauti ya mtu tu: "Anapiga simu. Jamani, anapiga simu."

*

Mtambo mkubwa ulinyamaza kwanza, ule wenye jina la bendi. Halafu mdogo ukakohoa, ukavuta, ukanyamaza.

Nilifikiri nimekufa. Kisha nikasikia kuku anaparua. Nikasikia maji yanadondoka kwenye mtungi, na kumbe mtungi ule unavuja, miaka yote ile unavuja. Nikasikia pumzi ya binti yangu ikiingia na kutoka kwa shida, kama mtu anayeburuta mkeka wa zamani kwenye sakafu.

Tunu akakohoa.

Na nyumba ya pili mtu akakohoa. Na ya tatu. Kikaanzia huku kwetu kikashuka kwa waashi, kikavuka korongo, kikapanda upande wa pili kwa akina Nyamizi, wazee, wanawake, watoto, kikohozi kikiitikia kikohozi. Mlima mzima ulikuwa unakohoa. Kila nyumba ilikuwa imedhani ni yake peke yake.

Watu wakatoka nje, wakasimama milangoni wakitazamana. Hakuna aliyejua aseme kwa sauti ya kiasi gani.

Redioni, watatu wale wakatoka kaburini wakapangusa mchanga. Waliingiza jeneza wenyewe, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Mama mdogo akawaambia asanteni, watani. Nao wakarudishia udongo, na huku mlimani, bila mtambo, tukausikia ukidondoka.

*

Siku ileile Bunge likafuta utani. Kifusi wakakamatwa kwa matusi waliyoyatoa tangu wimbo wa kwanza, na ushahidi uliowaangusha ulikuwa nishani zao. Hakimu aliwahurumia, akaruhusu wasomewe hukumu wakiwa wamekaa, maana ilikuwa ndefu. Askari yule mwenye lafudhi ya bondeni yuko chumba kimoja na Chiduo. Nasikia amefundishwa kunguruma.

Mitambo haijawashwa. Si kwa huruma. Mtani alichopewa kaburini hakirudishwi mpaka aliyezikwa afukuliwe kwanza, na hilo hata Shemeji ameshindwa kulipitia pembeni, kwa kuwa mafundi wake wote ni wa bondeni na hakuna anayetaka kugusa swichi. Kwa hiyo Mheshimiwa Ndituru ameunda Kamati ya Kuangalia Uwezekano wa Kumfukua Mama wa Mlezi kwa Heshima Zote. Kamati inakaa. Koleo limeshatengenezwa, lenye mpini wa mpingo. Ila mama mdogo naye amehamia pale kaburini na mkeka wake. Anasuka ukili mchana kutwa, na panga liko karibu naye. La kukatia ukindu, anasema.

Tunu hajapona. Vumbi lililomo limo. Lakini alipoweza kusimama, alisema anataka kumwona mwanawe, nami nikamshika mkono tukaenda gerezani.

Chumba cha wageni kina waya katikati. Askari wa zamu, baba mtu mzima mwenye uso mzuri, alimletea Tunu benchi akae, na akatusomea kanuni: mgeni na mfungwa wataongea kwa sauti ya juu, ili Serikali isikie.

Chiduo akaletwa. Amekonda. Alikaa upande wake wa waya, akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama, na nje hakukuwa na kitu kinachosaga.

"Pandisha sauti!" askari akasema, kabla mtu hajasema lolote.

Chiduo akamgeukia, akatabasamu kwa adabu. Kisha akasogeza mdomo kwenye waya. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu limegusana na la Tunu, na niliona midomo tu ikicheza. Sikusikia kitu.

Tunu aliweka mkono kifuani.

"Nakusikia, baba," akamwambia.

"Kasema nini?" askari akaniuliza. "Bibi, kasema nini huyo?"

"Afande," nikamjibu, maana alikuwa ametupa benchi, "sisi wazee. Nyimbo za hawa vijana, maneno yake huwa hatuyasikii."